Mwenye Mtu Wake Aweke Bendera Chini

Ukimwuliza fundi miwani ilikuwaje mtu mzima, mwenye heshima zake na miaka thelathini na kitu mgongoni, ajibane ndani ya kigari kisicho na paa wala mlango akaanza kukimbizana na watu kwenye lami, atakwambia ni mazoezi. Daktari kasema afanye mazoezi. Muongo huyo. Daktari alimwambia atembee jioni, basi.

Ukweli ni kwamba alikwenda kwenye uwanja wa mbio za vigari kupeleka miwani ya kocha, fremu nyeusi, lenzi nzito, amezisaga mwenyewe kwa mkono wake. Kocha akazivaa, akatazama huku na huku, akafurahi kuona tena herufi za kwenye matairi. "Sasa na wewe jaribu cha kwangu," akamwambia, akamwonyesha kigari. Akajaribu. Alipotoka, mbavu zilikuwa zinamwuma upande mmoja, nywele zimelala kwa jasho, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Kesho mnafungua saa ngapi?"

Tangu siku hiyo pale uwanjani hakuwa na jina jingine ila Miwani.

Kujifunza kwenyewe kulikuwa na vituko vyake. Kigari kina pedali mbili tu. Mguu wa kulia unakanyaga mafuta, wa kushoto unakanyaga breki, na kosa la kila mgeni ni kuzikanyaga zote mbili kwa pamoja, kwa sababu moyo unataka kwenda na roho inaogopa. Injini inaunguruma, mpira unanuka, na kigari kinakwenda kwa kuchechemea. "Ama uende, ama usimame!" kocha alimpigia kelele kila siku. "Huwezi kutaka vyote, mama!" Na jambo la pili alilofundishwa ni macho. Kigari kinafuata macho. Ukilitazama rundo la matairi unaloliogopa, utakwenda kulibusu. Tazama unakotaka kutokea, na mikono itakufikisha.

Hilo la macho ndilo lililompa taabu, na taabu yenyewe ilikuwa imesimama kona ya nne.

Siku ya kwanza alipoachiwa kukimbia pamoja na wengine, alifika kona ya nne akaona mwanaume mrefu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anampungia kitambaa cha bluu kwa nguvu zake zote. Miwani ni mtu aliyelelewa. Akatoa mkono mmoja kwenye usukani, akampungia na yeye. Mzunguko uliofuata yule bwana akapunga kwa nguvu zaidi, karibu kuruka. Ah, watu wa hapa wachangamfu kweli, Miwani akajisemea, akanyanyua mkono juu kabisa, na tabasamu lote ndani ya helmeti ambalo hakuna aliyeliona.

Kumbe bendera ya bluu maana yake kuna mwenye kasi nyuma yako, mpishe. Na dereva akinyanyua mkono, anawaambia wenzake kwamba amepata hitilafu, anasimama. Kwa hiyo kila alipomsalimia yule bwana, watu nyuma yake walikanyaga breki kwa hofu, na muuza nyama mmoja mnene, mpole, aliishia ndani ya matairi.

Mshika bendera alimfuata mpaka karakana.

"Dada, samahani. Wewe ulikuwa unanipungia mimi?"

"Si wewe ndiye uliyeanza?"

Yule mwanaume akamtazama. Akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Miwani, badala ya kuona haya, akajikuta anaangalia jinsi macho ya mtu huyo yanavyofumbika yote anapocheka. Akasahau hata kuvua glavu.

Wenzake walimwita Bendera. Siku za kazi alikuwa fundi wa mafriji, anazunguka mji mzima na mtungi wake wa gesi. Jumamosi na Jumapili alishika kona ya nne kwa mapenzi yake tu. Nayo kona ya nne ndiyo kali kuliko zote. Lazima upunguze mwendo karibu na kusimama ndipo uikunje. Kona nyingine mtu anapita kama upepo. Ya nne unapita ukiwa unaonekana uso.

Basi wakawa wanaonana hivyo. Miezi ilikwenda. Anafika, anakanyaga breki, Bendera yuko pale, macho yanakutana kupitia kioo cha helmeti, anaukunja usukani, amekwishapita. Kisha mzunguko mzima wa kumngoja tena. Siku viganja vilipomchubuka, ni Bendera aliyekuja na dawa na bandeji, akamfunga kidole baada ya kidole bila kuinua uso, na alipomaliza akaendelea kuushika mkono ule kana kwamba bado kuna kidole amesahau. Miwani alikwenda dukani kwao kesho yake na bandeji zile zile, akakataa kuzibadilisha mpaka zikawa nyeusi. Kumpenda alikuwa anampenda, hilo alilijua vizuri. Alilokuwa halijui ni kama atakuja kuambiwa.

Sasa, pale uwanjani palikuwa na desturi. Mkuu wa washika bendera alikuwa mama mstaafu aliyefundisha michezo shuleni maisha yake yote, na kila mtu alimwita Mwalimu. Asubuhi ya mashindano aliwapanga watu wake mstari mmoja, kila mmoja na bendera yake mkononi, akawauliza kwa sauti, "Nani ana mtu wake uwanjani leo? Mwenye mtu wake aweke bendera chini." Mume, mke, mchumba, ndugu, mtoto, wote ni mtu wako. Anayeiweka chini hafukuzwi. Anapelekwa jukwaa la familia akakae na wenzake, na mbio za mtu wake hatashika tena bendera. Sababu ni kwamba mtu akimwona wake amepinduka, anaweza kutupa kila kitu akamkimbilia, na wanaokuja nyuma wakakosa wa kuwaonya.

Katika mazoezi hakuna anayeuliza. Lakini Jumapili ilikuwa mashindano, na Miwani alikuwa ameandikishwa kwa mara ya kwanza.

Jumamosi mchana alimkuta Bendera nyuma ya karakana, anaanika bendera alizozifua. Nyekundu, njano, bluu, zimening'inia kwenye waya zinachuruzika maji.

"Zimetakata," alisema, kwa kuwa hakujua aanzie wapi.

"Hiyo ya njano haitakati. Ina oili tangu mwaka juzi."

"Kesho ndiyo kesho."

"Najua. Namba yako nimeiona." Bendera akageuka, akatabasamu kidogo. "Umelala?"

"Sijalala. Bendera, kesho Mwalimu atawauliza."

Kile kitabasamu kikaondoka. Akachukua kibanio cha nguo, akakibana kwenye waya mahali ambapo hapakuwa na nguo.

"Huuliza kila mara," akasema.

"Na wewe utajibu nini?"

"Miwani..."

"Usiniite kwa kunibembeleza. Nimekuuliza."

"Nijibu nini mimi? Kuna siku tulikaa tukaambiana kitu? Hujaniambia, sijakuambia."

"Ndiyo maana nimekuja kuuliza. Nimemaliza kujiuliza mwenyewe."

Bendera akapangusa mikono kwenye suruali. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini.

"Nikiiweka chini, wananipeleka jukwaani. Unajua maana yake? Ile kona ni yangu. Unapita pale mbele yangu, hakuna kaka yako, hakuna wateja, hakuna mtu wa kuniuliza mimi ni nani. Mimi na wewe tu. Ni sekunde mbili, najua. Lakini mimi sekunde hizo nakaa nazo wiki nzima. Niko juu ya ngazi, kichwa kiko ndani ya friji ya mtu, nazikumbuka. Unataka nizitoe?"

"Nataka."

"Kwa nini, lakini?"

"Kwa sababu nimechoka kupendwa sekunde mbili mbili!"

Neno lilikuwa limeshatoka. Wote wawili wakawa wanasikiliza maji ya bendera yanavyodondoka. Miwani alihisi uso unamwaka moto, lakini hakulirudisha. Alikuwa amelibeba muda mrefu mno.

"Nani amekwambia nakupenda?" Bendera akauliza, na hata yeye mwenyewe hakuonekana kuliamini swali lake.

"Sijaambiwa na mtu. Ndilo tatizo langu."

"Sikiliza. Kwenu nimeshafika, unakumbuka? Friji ya mama ilipokufa. Kaka yako akanipitisha mlango wa nyuma. Akasimama pale jikoni muda wote ananichunga, kama nitaondoka na vijiko. Sasa kesho niende nikakae naye benchi moja? Nimwambie nini? Shikamoo kaka, ni yule fundi?"

"Mwambie wewe ni mtu wangu."

"Na akinifukuza mbele za watu?"

"Basi tutakuwa tumefukuzwa wote."

"Ni rahisi kwako kusema."

"Rahisi?" Miwani akamsogelea. "Mimi kila jioni naulizwa naolewa lini. Kuna mhasibu ananywa chai kwetu kila wiki, naye hata kiti hakimtoshi kwa kujiona. Namjibu kaka yangu nina mtu. Anauliza yuko wapi. Nimwambie yuko kona ya nne? Ukiwa na bendera mkononi, wewe si mtu wa mtu. Ndiyo desturi yenu wenyewe inavyosema. Kesho ukibaki nayo, utakuwa umemjibu Mwalimu, na mimi utakuwa umenijibu."

"Unanilazimisha."

"Nakuomba, Bendera. Kuomba kwangu ndiko huku, sina kwingine."

Akatazama pembeni. Alikuwa na kiburi, maskini, kile kiburi cha mtu aliyezoea kupokelewa mlango wa nyuma. "Bora kesho nisije kabisa," akasema. "Nisishike, nisiweke."

"Usije basi!"

Miwani akaondoka bila kugeuka. Aliingia karakana, akaichukua helmeti yake akaivaa, akashusha kioo, akalia humo ndani hata pumzi ikamwishia. Kocha alipopita akamkuta amekaa juu ya ndoo, helmeti kichwani, kigari hakipo.

"Vipi tena?"

"Naizoesha," Miwani akajibu kwa sauti ya puani. Kocha, ambaye siku hizi alikuwa anaona vizuri, akaenda zake bila kuuliza zaidi.

Nyumbani mama yake alikuwa anapiga pasi, na kaka yake amekaa mezani anasafisha fremu za dukani. Duka lilikuwa la kaka. Kazi ya kusaga lenzi ilikuwa ya Miwani. Na neno la mwisho, kwa kawaida, lilikuwa la mama.

"Macho yamevimba," kaka akasema bila kuinua kichwa. "Ni hivyo vigari au ni yule fundi friji?"

Miwani akashtuka. "Nani kakwambia?"

"Mimi nauza miwani, mdogo wangu. Siuzi upofu."

"Ni yeye," akasema. Alikuwa hana nguvu za kuficha.

"Amekuja kwetu? Ametuma mtu? Amepiga hata simu?"

"Bado."

"Bado!" Kaka akaweka fremu chini. "Mhasibu wa watu anakuja kila wiki, viatu vimeng'arishwa, wewe unamngoja mtu wa bado. Halafu mtu mwenyewe anashinda juani anapunga kitambaa. Mama, sema naye."

Mama akaisimamisha pasi. Alikuwa mwanamke mnene, wa maneno machache, na nguo aliyokuwa anainyoosha ilikuwa ile suti ya mbio, ya bluu, ambayo hakuna mwingine duniani aliyewahi kuipiga pasi.

"Mimi kazi yake hainisumbui," akasema. "Baba yenu alikuwa fundi, na mlikula mkashiba. Kinachonisumbua ni wewe. Nakuona. Simu ikilia unaruka. Ukirudi kutoka huko Jumapili unakaa dirishani hata chai inapoa. Mtu ambaye hajasema anakuja, unamngojaje, mwanangu? Unaanzia wapi kumngoja?"

Miwani alitaka kusema kwamba kungoja hakukumwuliza ruhusa, kwamba kulianza siku ile ya bandeji na sasa hakujua tena jinsi ya kukaa bila kungoja. Akasema tu, "Kesho nitajua, mama."

"Kesho mimi siendi kuangalia mtu akijivunja mbavu," kaka akasema.

"Usiende," mama akasema, akarudi kwenye pasi yake. "Nitakwenda mimi. Nipo hapa miezi naambiwa kona, kona. Acha nikaione."

Jumapili kulikuwa na jua la kuunguza. Miwani alikuwa kwenye foleni ya mizani ya kupimia uzito wa madereva, amevaa kinga ya mbavu na suti yenye mikunjo iliyonyooka kama ya sherehe, wakati Mwalimu anawapanga watu wake upande wa pili wa karakana. Aliwaona migongo tu, kupitia mlangoni, na watu wakipita katikati. Akamtafuta mrefu kuliko wote. Hapo mtu wa mizani akamwambia asimame wima asitikisike, na alipogeuka tena, mstari ulikuwa umeshatawanyika.

"Dada, vaa helmeti," mtu wa mizani akasema. "Wanaanza."

Akaingia kwenye kigari. Kiti kikambana kiunoni. Wageni huanzia nyuma kabisa, kwa hiyo mbele yake kulikuwa na migongo na moshi. Wakatoka taratibu kwa ule mzunguko wa kupasha matairi joto. Kona ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akaiingia vibaya kwa sababu alishaanza kutazama ya nne.

Aliyesimama pale alikuwa Mwalimu mwenyewe. Mfupi, kofia nyeupe, bendera ya njano imekunjwa kwapani.

Moyo ukampasuka kwa namna ambayo hakuitarajia. Kwa kuwa kutokuwepo kwa Bendera kulikuwa na maana mbili, na hakuwa na njia ya kujua ni ipi. Ameiweka chini. Au hakuja, kama alivyosema. Kona ilikuwa ile ile kwa vyovyote vile, na yeye hayupo.

Wakajipanga tena, taa za kuanzia zikazimika, wakaondoka.

Hapo tena hakukuwa na nafasi ya kulia. Mikono ilikumbuka. Mafuta, breki, kimoja kwa wakati wake. Usukani ulimtikisa mpaka meno yakagongana. Kwenye kona ya pili vigari viwili vilivaana mbele yake, akapita upande wa ndani wa kona, hakujua alivyopita. Mzunguko baada ya mzunguko alifika kona ya nne akiwa amejiambia hatatazama, na kila mara akatazama, na kila mara ni kofia nyeupe. Ajabu ni kwamba hata uchungu ule haukumpunguza mwendo. Alimkuta muuza nyama, yule yule, akachelewesha breki mpaka akaogopa, akaingia upande wa ndani wa kona, akampita. Muuza nyama alinyanyua kidole gumba. Miwani hakumjibu, alishajifunza.

Jukwaa la familia lilikuwa upande wa kushoto, kwenye ule mnyoofu wa mwisho, kipande kisicho na kona, ambako kila mtu anakanyaga mafuta mpaka chini. Tangu mwanzo alikuwa amejikataza kulitazama. Kocha alimwonya: kwenye mnyoofu ule ukigeuza shingo, umekwisha. Akavumilia. Alivumilia mpaka akaonyeshwa kwamba unaofuata ndio mzunguko wa mwisho, na mbele yake kulikuwa na watu wachache kuliko alivyowahi kuota. Angeweza kumaliza vizuri. Angerudi nyumbani na cha kumwambia kaka yake.

Lakini hakuweza kumaliza bila kujua. Akageuza shingo.

Aliuona mwavuli wa mama, ule mkubwa wa maua. Mama amekaa chini yake, mikono yote miwili mapajani. Na mkono ulioushika mwavuli ulikuwa mrefu, mweusi kwa jua, wa mtu aliyesimama.

Kigari, kama alivyofundishwa, kikafuata macho. Kikatoka kwenye lami kikaingia kwenye majani, kikazunguka, kikasimama kimeelekea kilikotoka. Wote wakampita, muuza nyama wa mwisho wao. Miwani akawa amekaa pale kwenye majani, injini imezimika, anacheka peke yake ndani ya helmeti na machozi yanamwingia mdomoni. Mshika bendera wa pale alidhani amegonga kichwa.

Walipomrudisha karakana hakusubiri kupimwa tena kwenye mizani. Alikimbia mpaka kwenye waya unaotenganisha madereva na familia. Dereva haruhusiwi kuvuka mpaka mashindano yaishe, na bado kulikuwa na mbio za pili. Kwa hiyo alisimama upande wake, na wao upande wao.

Bendera alikuwa bado ameushikilia mwavuli, mkono mwingine hajui auweke wapi. Bila bendera alionekana mdogo kidogo, kama mtu aliyetoka kinyozi.

"Umekuja," Miwani akasema.

"Nimekuja."

"Alipouliza..."

"Hakumaliza kuuliza. Alisema 'nani ana mtu', nikaiweka chini. Kumbe nilikuwa mbele ya wote. Mwalimu akaniambia, wewe subiri basi nifike mwisho." Akameza mate. "Sikulala, Miwani. Nilikaa nikawaza, hivi mtu akiniuliza wewe ni nani wangu, mimi nitasema nini? Nitasema ni dereva wa kona ya nne? Nikaona aibu. Wewe ni mtu wangu. Nilitakiwa nikwambie zamani, kabla hujaniomba."

Miwani akapitisha vidole kwenye waya. Bendera akavitazama, akamtazama mama, akabaki alipo.

"Usimwangalie mama, ongea na mimi," Miwani akasema.

"Amwangalie," mama akasema kutoka chini ya mwavuli. "Mimi ndiye niliyeshindwa kuelewa asubuhi nzima. Kaja kasimama mbele yangu, ananikingia hata upepo. Namwuliza, unataka nini? Ananiambia, mama, mimi nimeweka bendera chini. Sasa mimi hiyo bendera naijulia wapi? Nikamwambia kama mikono haina kazi, shika huu mwavuli."

"Mama, ndiye..."

"Najua ndiye. Kashika bila kubadilisha mkono." Mama akajipangusa shingo na leso. "Sijakubali kitu, mjue wote wawili. Kaka yako ana maneno yake na mimi nina yangu, na huyu atakuja nyumbani ayasikie yote, akiwa amekaa. Nimesema mwavuli tu."

"Nitakuja, mama," Bendera akasema. "Hata leo."

"Leo una mbio za kuangalia."

Kipaza sauti kikaita madereva wa mbio za pili. Nyuma ya Miwani kocha alikuwa anapiga makofi, anaita, "Wewe wa majani! Twende!" Lakini hakusogea. Bendera naye alikuwa amefika kwenye waya sasa, kadiri mwavuli ulivyomruhusu, na uso wake ulikuwa karibu kuliko ulivyowahi kuwa pale konani.

"Kutoka hapa haionekani," akamwambia kwa sauti ndogo. "Ile kona yetu. Ukishapita lile rundo la matairi unapotea. Naona nusu ya uwanja tu. Leo nilidhani nitakufa, mzunguko mzima, mpaka utokeze tena."

"Na mimi nilikuwa napita pale hupo."

"Sasa tutafanyaje?"

Miwani alitaka kumwambia mengi. Alitaka waya usiwepo, mbio zisiwepo, jioni iwe imefika. Akaugusa mkono wake kwa ncha za vidole, kwenye kifundo, mara moja tu.

"Hiyo nusu unayoniona, niangalie," akasema. "Hiyo nyingine, ningoje."

Akavaa helmeti, akashusha kioo, akakimbia kwenda kwenye kigari chake. Bendera alibaki pale pale kwenye waya, shingo imenyooka kuelekea upande wa matairi, ingawa injini zilikuwa hazijawashwa hata moja.

Mama alimwangalia kwa kitambo. Kisha akauchukua mwavuli mkononi mwake, akasogea pembeni ya benchi.

"Kaa chini basi, baba," akasema. "Utangojaje umesimama?"